Mguu Usiouma Ndio wa Kukaguliwa

Kama unamuuguza mzazi mwenye kisukari, usiishie kumuuliza kama miguu inauma. Baba yangu tukimuuliza alisema haiumi, na alikuwa anasema kweli. Siku moja namwosha miguu kwenye beseni, nikakuta kipande cha chupa kimezama chini ya kidole gumba, nyama ya pembeni imevimba na ina joto. Alishaenda nacho sokoni na kurudi. Usiku huohuo, kama kawaida yake, akalalamika kuwa nyayo zinawaka moto.

Inawezekanaje mguu uwake moto na wakati huohuo usihisi chupa? Jibu liko kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu.

Ngozi ina vipokezi vya aina mbalimbali. Vya Meissner, vilivyo karibu na juu, hunasa mguso mwepesi; vya Merkel hunasa mgandamizo na umbo la kitu; vya Pacini vimekaa ndani zaidi na kazi yake ni mtetemo. Maumivu, joto na baridi huhisiwa na miisho mitupu ya neva. Ngozi ikibonyezwa, protini iitwayo PIEZO2 hufungua njia na ishara ya umeme huanza safari. Ardem Patapoutian, ambaye maabara yake iliitambua protini hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na David Julius. Ishara hupanda kwenye uti wa mgongo, hupita thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopokea na kusambaza ishara, kisha hufika kwenye gamba la ubongo. Ya mguso hukimbia kiasi cha mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Ile ya maumivu ya kuwaka hupita kwenye nyuzi nyembamba zisizo na ala (ganda la mafuta linaloharakisha ishara), mita 2 au pungufu kwa sekunde. Ukijigonga kidole kwenye kitanda utaona: kwanza unahisi kishindo, uchungu unakuja nyuma yake.

Uzi mmoja wa neva hutoka kwenye kidole cha mguu hadi kiunoni bila kuunganishwa popote, urefu unaokaribia mita. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva na vimishipa vya damu vinavyozilisha, na zile ndefu huumia kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda kama soksi. Neva iliyoharibika hushindwa kupeleka habari ya kweli, na mara nyingine hutuma ya uongo: moto usiokuwepo. Kwa hiyo mguu unaowaka usiku usikufanye udhani kuwa bado unahisi vizuri.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji kifaa. Mgonjwa akae, avue soksi, afumbe macho. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada, gusa kwa wepesi ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho cha kila mguu, sekunde moja au mbili, ukirukaruka kati ya miguu. Yeye aseme "kulia" au "kushoto" anapohisi. Usibonyeze wala usipapase, maana ukibonyeza unaamsha vipokezi vya ndani na jibu linakudanganya. Asipohisi vidole viwili au zaidi kati ya hivyo sita, watu wa kliniki ya kisukari waambiwe.

Baada ya hapo macho yako ndiyo yawe neva zake. Kila siku angalia nyayo, visigino na katikati ya vidole. Ukimaliza kumwosha, pakaushe hapo katikati vizuri. Viatu vikung'utwe na kupapaswa ndani kabla ya kuvaliwa, na peku asitembee hata sebuleni. Maji ya kuoga usimwachie ayapime kwa mguu. Yapime wewe kwa kiwiko. Sugu zisikwanguliwe kwa wembe. Hili nalisisitiza sana, kwa sababu nimeona wazee wengi wakiliona ni jambo dogo.

Ukikuta kidonda, hata kidogo, hata kama anacheka na kukwambia hakisumbui, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na asiukanyagie mguu huo. Usikinyunyizie unga wa vidonge vya rangi mbili. Kifunike kwa kitambaa safi, mwende.