Kuhama Mwanza kwenda Kigali na vyombo vyenu: yaliyotupata mimi na mume wangu

Dada uliyeuliza kama mbebe vyombo au muuze kila kitu mkaanze upya, kwa kuwa shemeji keshapata kazi Kigali: sisi tulihama Mwanza kwenda Kigali Februari 2019, kwa fuso, kupitia Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Nakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Bebeni, ila vichache. Tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya kabati la vyombo alilotupa mama mkwe siku ya harusi. Mimi niliona mume wangu hana huruma, yeye akaona sitaki kuelewa kwamba gari halina nafasi. Mwisho tukaliacha kwa wifi yangu na mpaka leo analitumia. Vitanda na makochi mtayakuta, mafundi wapo. Pakieni kwanza kile kinachowapa riziki. Kwangu kilikuwa cherehani.

Kabla ya kumlipa mwenye gari, mwambie akuonyeshe bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka kwenda nchi nyingine, uione kwa macho yako. Wetu alituapia kwamba anayo, kumbe hana, tukalala Rusumo ndani ya gari akihangaika kuitafuta.

Njia yenyewe haina shida. Sisi tulipakia saa kumi alfajiri ili tuwahi kivuko cha Kigongo na Busisi. Nyinyi mna daraja tangu Juni 2025. Mkishapita Geita, Biharamulo, Lusahunga na Benaco, mmefika Rusumo.

Pale mpakani huduma ni ya pamoja. Mkitoka Tanzania mnavuka kwanza daraja la mto Kagera, halafu maofisa wa nchi zote mbili mnawakuta upande wa Rwanda. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru kwa vyombo vilivyotumika vya mtu anayehamisha makazi, lakini lazima uonyeshe kwamba kweli unahama. Sisi tuliulizwa pasipoti, cheti cha ndoa, mkataba wa kazi wa mume wangu, mkataba wa nyumba, na orodha ya vitu. Hiyo orodha, dada yangu, iandikeni vizuri. Kitu kimoja mstari mmoja, idadi yake, na kama ni cha zamani. Toeni nakala kadhaa.

Mume wangu aliandika "sufuria, ndoo na mengineyo", na cherehani yangu ikawa ndani ya hayo mengineyo. Ofisa akaiona, akauliza kama ni bidhaa ya kuuza. Moyo ulinienda mbio, maana niliinunua kwa fedha ya kushona sare za shule miaka miwili. Akainama kuitazama: mafuta yameganda kwenye gurudumu, na kwenye sindano bado kuna uzi mwekundu wa gauni nililomalizia usiku wa kuamkia safari. Akaugusa ule uzi, akamwambia mume wangu aiandike kwenye mstari wake, basi. Nilitoka nje nikalia.

Kuna la mifuko ya plastiki. Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008, na kwetu wakati ule ilikuwa bado inaruhusiwa, kwa hiyo sahani na glasi zote nilikuwa nimezifunga kwenye mifuko ya rambo. Tulizifungua moja moja pembeni ya gari, nikazifunga upya kwa khanga zangu. Nyinyi tumieni khanga, mashuka na magazeti tangu nyumbani.

Msipange kufika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo ni umuganda, watu wanatoka kufanya kazi za pamoja mpaka kama saa tano, na magari hayatembei ovyo. Mkumbushe pia dereva kwamba kuanzia Rusumo anaendesha mkono wa kulia. Kutoka hapo mpaka Kigali ni kama kilomita 160 za milima na kona, asikimbie. Saa zenu mtazirudisha nyuma saa moja.

Nunueni adapta za umeme mapema, maana plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za kule. Usiku wa kwanza tulikuwa na birika la umeme na pasi, na hatukuweza kuwasha hata kimoja.

Kuhusu mtaa, kama Kinyarwanda bado, anzeni Nyamirambo. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini mitaa mingi mtu atakujibu kwa Kinyarwanda au Kiingereza. Nyamirambo utanunua nyanya, utaulizia fundi bomba na utajua msiba uko wapi kwa Kiswahili chako hicho hicho. Jirani yetu alisikia tukibishana jinsi ya kupitisha godoro mlangoni, akatoka kwake, akashika upande mmoja, akasema, "Murakaza neza, karibuni." Jioni akaleta chai kwenye chupa.

Na vyombo msifungue vyote siku hiyo. Sisi tulitandika kitanda, tukatafuta sufuria moja na vikombe viwili. Cherehani niliiweka dirishani asubuhi yake. Mteja wangu wa kwanza alikuwa yule yule jirani wa chai, alileta sketi ya binti yake kupunguzwa kiuno.