Nyuki kuhama mara ya pili: anza na miguu ya mzinga

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: mzinga uko hatua chache toka banda la kuku, una mawaridi pia, nyuki wameingia wenyewe mara mbili, na kila mara baada ya wiki kadhaa unakuta masega matupu. Unauliza kwa nini wanahama, na pia umegusia kitalu nyumba (greenhouse).

Anza na miguu. Mimi walinihama hivyohivyo. Nilipoinama nikakuta msururu wa sisimizi unapanda kupitia unyasi mmoja tu uliogusa mzinga. Weka kila mguu kwenye kopo lenye oili chafu, kisha fyeka kuzunguka. Kopo bila kufyeka ni kazi bure.

Halafu hayo mawaridi yako: dawa ya wadudu unapiga saa ngapi? Mchana nyuki wako mauani. Mimi napiga jua likishazama, na yakichanua naacha kabisa.

Kuku wahamishe, tena kwa usalama wao wenyewe. Nyuki wetu wakichafuka, kuku aliyefungiwa bandani hana pa kukimbilia. Nilipoteza mitetea mitatu asubuhi moja.

Maji pia: beseni lenye mawe ya kutulia, wasizame. La kitalu nyumba sina uzoefu nalo, nawaachia wengine.