Swali la lugha: Erli wa Warwick au Mtemi wa Warwick?

SWALI: Natafsiri makala ya historia kuhusu koo kubwa za Uingereza katika Zama za Kati. Kuna vyeo vitano vinavyonitatiza: duke, marquess, earl, viscount na baron. Nimeona baadhi ya waandishi wakiviita vyote "mtemi", wengine "kabaila". Nifuate lipi? Na yule Richard Neville, mtu wa kumi na sita kushika cheo cha Warwick, nimwandikeje bila "wa" mbili kugongana?

JIBU: "Mtemi" liache. Neno hilo lina wenyewe. Mtemi wa Wanyamwezi au wa Wasukuma alikuwa mtawala wa nchi yake: aliamua mashauri, akashika matambiko, na nchi ilijulikana kwake. Erli wa Uingereza hakuwa hivyo. Baada ya Wanormani, watu wa Normandy katika Ufaransa, kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme, na wakubwa waliishika kutoka kwake kwa masharti ya utumishi. Cheo chenye jina la mahali hakikumfanya mtu awe mtawala wa mahali hapo. Ukoo wa de Vere ulipata uerli wa Oxford mwaka 1141 na, ukiacha vipindi waliponyang'anywa, ukakaa nao hadi 1703. Lakini ngome yao kuu ilikuwa Hedingham, katika Essex. Kwa desturi ya zamani, fungu la erli katika kaunti ya jina lake lilikuwa theluthi ya mapato ya mahakama ya kaunti. Mashamba yake yaliweza kutawanyika kaunti kumi. Ukiandika "Mtemi wa Oxford", msomaji atamweka Oxford, kwenye kiti, akitawala. Hakuwapo.

"Kabaila" linafaa, lakini kwa kazi nyingine. Hutaja tabaka zima, na "ukabaila" hutaja mfumo wa kumiliki ardhi na watu walio juu yake. Kumbuka tu kwamba tangu siku za Azimio la Arusha neno hilo limebeba lawama: kabaila ni mnyonyaji. Kama makala yako yanalaumu, sawa. Kama yanaeleza tu nani alirithi nini, litakuponza. Na kwa vyovyote halitenganishi ngazi tano.

Kwa hiyo tohoa. Kiswahili kimeshameza kanali, luteni, jaji na kardinali. Hakitashindwa na hawa. Kuanzia juu kwenda chini: duki, markwisi, erli, vaikaunti, baroni. Kwa wote kwa pamoja tumia "lodi", ambalo tayari limo katika kamusi, au "wakuu" tu.

Vyeo hivi havikuzaliwa siku moja, na hapa ndipo watafsiri wengi huteleza. Erli alikuwapo kabla ya Wanormani. Duki wa kwanza wa Kiingereza alipatikana mwaka 1337, Edward III alipompa mwanawe mkubwa, mtoto wa miaka sita, uduki wa Cornwall. Markwisi wa kwanza ni Robert de Vere, mwaka 1385, na wakubwa wenzake walichukia kuona cheo kigeni kimewapita juu. Chuki hiyo haikuisha upesi: John Beaufort aliupata umarkwisi wa Dorset mwaka 1397, akavuliwa 1399, na ilipoombwa arudishiwe mwaka 1402 alikataa mwenyewe, akisema jina hilo ni geni Uingereza. Vaikaunti alikuja mwaka 1440. Basi ukikuta katika rasimu yako "duki" wa Kiingereza wa mwaka 1250, rudi kwenye matini asilia. Huenda anayetajwa ni mfalme mwenyewe, maana wafalme wa Uingereza walikuwa pia maduki, ila wa ardhi zao za upande wa Ufaransa.

Sasa sarufi. Majina haya yaingie pamoja na waziri na jaji: baroni/mabaroni, duki/maduki, erli/maerli, na upatanisho wa viumbe hai. "Mabaroni wake walikataa", si "mabaroni yake yalikataa". Cheo chenyewe kichukue u-: ubaroni, uduki, uerli, kama urais na uaskofu. Herufi kubwa tumia pale cheo kinapotangulia jina la mtu au mahali (Erli wa Warwick), si pale unapowataja kwa ujumla (maerli wawili walikosana).

Kuhusu "wa" mbili: zinagongana, lakini mpangilio ni mmoja tu, namba kwanza, mahali baadaye. "Erli wa 16 wa Warwick." Ukigeuza ukaandika "Erli wa Warwick wa 16", msomaji atadhani kuna Warwick kumi na sita. Tumia tarakimu; "wa kumi na sita wa" huchosha ulimi. Namba zenyewe ni za wanahistoria wa baadaye, na huanza upya mfalme anapokitoa cheo kama kipya, kwa hiyo usishangae kukuta Erli wa 1 wa mahali fulani zaidi ya mmoja.

Huyo Neville wako anataka uangalifu wa ziada. Neville ni ukoo, Warwick ni cheo, na cheo hakikutoka kwa baba: alikipata mwaka 1449 kupitia mkewe, Anne Beauchamp. Baba yake naye aliitwa Richard Neville, naye pia alipata cheo kupitia mke, uerli wa Salisbury. Baba aliuawa mwaka 1460 baada ya mapigano ya Wakefield, mwana akafa katika mapigano ya Barnet mwaka 1471. Ukiandika "Richard Neville" pekee katika sura inayohusu mwaka 1459, hakuna atakayejua unamsema nani. Andika "Neville wa Salisbury" na "Neville wa Warwick" mpaka mmoja wao afe.

Usiseme pia "maerli wa ukoo wa Neville" ukiwa na maana ya wanaukoo wote. Kwa sheria ya Uingereza cheo kilishikwa na mtu mmoja kwa wakati. Wadogo zake walikuwa watu wa kawaida mpaka wapate vyao. Ralph Neville, aliyepewa uerli wa Westmorland mwaka 1397, alizaa watoto zaidi ya 20 kwa wake wawili. Cheo kilimwendea mjukuu wa upande wa mke wa kwanza, sehemu nono ya mashamba ikaenda kwa watoto wa mke wa pili, na pande mbili zikawa maadui.

Hapo tunafika kwenye neno ambalo hukuliuliza: "mirathi". Kwa msomaji wa pwani, mirathi ni mafungu, kila mrithi na fungu lake, binti nusu ya la mwana. Huko Uingereza wakubwa waliachiana ardhi kwa njia ya kifungua mimba: mwana mkubwa alichukua, wadogo walitazama. Mabinti walirithi pale tu pasipo na mwana, nao waligawana sawa kwa sawa, kwa sababu hapakuwa na ukubwa kati ya dada. William Marshal, Erli wa Pembroke, alifariki mwaka 1219 akiacha wana watano. Wote watano walirithi, mmoja baada ya mwingine, na wote walikufa bila mtoto halali, wa mwisho mwaka 1245. Ardhi ikakatwa mafungu matano kwa dada zao na vizazi vyao. Ardhi hukatika, cheo hakikatiki. Ndiyo maana baadhi ya ubaroni uliofika mikononi mwa dada wawili au watatu "uliningʼinia" (ndilo neno ninalokushauri) mpaka abaki mrithi mmoja au mfalme achague. Basi andika "urithi", na "mirathi" iweke kwa mambo ya mafungu.

Vitenzi navyo vichague. Mfalme hutawazwa, erli hatawazwi, alivishwa upanga na mfalme, kwa hiyo "alivishwa uerli" ni sahihi kwa maana zote mbili. Mrithi wake hakuvishwa bure: alilipa ada ya kuingia urithini, ambayo Magna Carta, hati ya mwaka 1215 iliyombana mfalme, iliiwekea kikomo cha pauni 100 kwa erli au baroni, na shilingi 100 kwa shamba la askari farasi mmoja, yaani pauni 5. Mrithi aliye chini ya miaka 21 aliwekwa chini ya ulezi, na mlezi alikula mapato ya shamba, hivyo alipokomaa hakudaiwa ada hiyo. "Ada ya urithi" inatosha; ukiandika "kodi ya urithi" utawaleta maofisa wa kodi wa leo. Aliyehukumiwa na Bunge kwa uhaini "alivuliwa" cheo, na kizazi chake pia, hadi hukumu itenguliwe.

Wanawake: mke wa erli aandikwe "mke wa Erli wa Warwick". Lakini Margaret wa Norfolk alirithi uerli kwa baba yake mwaka 1338, na mwaka 1397 akapewa uduki, si kwa sababu ya mume. Ukimwita "mke wa duki" umemnyang'anya mali yake. Andika "Margaret, mwenye uduki wa Norfolk".

"De" katika de Vere au de Clare iache ilivyo. "Fitz" nayo iache imeshikana na jina, ila mahali pa kwanza unaweza kumweleza msomaji kwamba kazi yake ni ile ile ya "bin": FitzAlan ni bin Alan.