Namba ya miwani ya mtoto inapanda kila mwaka

Binti yangu ana miaka 9. Mwaka juzi alipimwa −1, sasa ni −2.5. Daktari ametaja lenzi za kuzuia namba isipande. Ni kweli au biashara tu? (Mama, Tanga)

Biashara ipo, na bei yake si ya kitoto, lakini kazi yake ni ya kweli. Mtoto asiyeona mbali mara nyingi jicho lake limerefuka kupita kiasi, hivyo picha inaangukia mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha). Lenzi ya kawaida inarekebisha katikati, ila pembeni picha inaweza kuangukia nyuma ya retina, na inaaminika jicho huikimbilia kwa kuzidi kurefuka. Lenzi hizi zina eneo safi katikati, na kulizunguka kuna mamia ya vilenzi vidogo vinavyovuta mbele mwanga wa pembeni. Huko Hong Kong, watoto wa miaka 8 hadi 13 walifuatiliwa kwa miaka 2, na waliovaa lenzi hizi namba zao zilipanda takribani nusu tu ya za wenzao. Soma vizuri, mama: *zilipanda*. Muuzaji akikuahidi kwamba namba itarudi nyuma, toka dukani.

Mtoto wangu anazo lenzi hizo, ila akirudi kutoka shule namvua, macho yapumzike.

Yapumzike na nini? Zinatakiwa kuvaliwa saa 12 hivi kwa siku. Akizivua saa nane mchana, umelipia lenzi za kukaa kwenye kasha.

Bibi yake anashauri apewe namba pungufu ili jicho lijitahidi lenyewe.

Shikamoo bibi, lakini hapana. Utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa 2002 ulikuta watoto waliopewa namba pungufu ndio waliozidi kuharibika. Bibi angesema "mtoto atoke nje akacheze", hapo ningempigia makofi: saa 2 kwa siku kwenye mwanga wa mchana husaidia kuchelewesha tatizo, hasa kwa mdogo ambaye bado hajavaa miwani. Na hiyo ni bure.

Nina miaka 34 na −6. Zitanifaa?

Hazitakufaa, zimetengenezwa kwa jicho linalokua. Nunua za kawaida, hela inayobaki kapimishe wanao, maana hali hii hufuata ukoo. Ila kwa −6, ukiona ghafla vimulimuli au vidoa vyeusi vingi vikielea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.