Landrover ya Babu Imelala Marangu, Nianzie Wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nakaa Moshi mjini ila kwetu ni Marangu. Babu alituachia Landrover 109, haijawashwa kama miaka 15, iko chini ya migomba na kuku wanatagia humo ndani. Niliona zile Landrover zilivyojaa Arusha Oktoba 2024 nikapata hamu ya kuifufua. Baba mdogo anataka iuzwe skrepa, na fundi mmoja kanishauri nianze na rangi halafu nifunge injini ya Toyota. Nina milioni mbili tu kwa sasa. Nifanyeje? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hujagusa kitu. Hizi gari nimeishi nazo tangu ujana, nimezimiliki na nimezifufua kwa mikono yangu hapa Arusha, kwa hiyo nakujibu kama mtoto wa nyumbani: rangi ni ya mwisho kabisa, hiyo milioni mbili isinunue hata kopo moja.

Kwanza jua una gari gani. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Angalia mita za dashibodi, zikiwa katikati mara nyingi ni Series II au IIA, zikiwa mbele ya dereva ni Series III iliyoanza kutoka 1971.

Sasa chukua nyundo ndogo uingie chini. Hapa ndipo gari inapoponea au kufia. Watu wakiona bodi haina kutu wanadhani gari nzima ni salama, kumbe bodi ni alumini, maana Waingereza walipoitoa Landrover 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, lakini chesisi yenyewe, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma tena ni ya boksi, tupu ndani, matope yanaingia ndani yanakaa humo na kutu inakula kutoka ndani kuja nje, wewe kwa nje unaona pazuri tu. Na kwa mvua za Marangu, miaka 15 juu ya udongo mbichi! Gonga taratibu kote, pazima panalia kama kengele, palipooza panatoa sauti nzito ya kufa na nyundo inazama. Usiharakishe kwenye kile chuma kinachokingama nyuma kabisa, pale springi zinaposhika, na ule ukuta wa chuma mbele ya miguu ya dereva. Gari yangu ya pili niliuziwa chini imepakwa lami inang'aa, nikaamini, siku moja tunatoka Usa River na magunia ya mahindi chesisi ikakatika, mke wangu yuko mbele kapakata mtoto. Tulishuka wazima namshukuru Mungu, ila tangu siku ile sipokei gari ya mtu kabla sijalala chini yake. Palipooza pakatwe mpaka chuma kizima kionekane ndipo pachomelewe chuma kipya, fundi akikuletea puti pale mwambie hapana.

Injini usiivute wala kuisukuma ili iwake, ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na silinda utaziua. Fungua plagi zote, mimina oili iliyochanganywa na dizeli kidogo kila silinda, iache wiki nzima halafu izungushe kwa hendeli, ile fimbo ya chuma ya kuwashia injini kwa mbele, kwa mkono, pole pole. Mafuta ya zamani yamwage yote na tangi lisafishwe. Kabla ya kufunga betri fuata waya wa bodi umetoka upande gani, maana za kabla ya 1967 hivi nyingi chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi, nimewahi kuunguza redio ya mteja kwa kutokuangalia hilo na nililipa. Breki badilisha mipira yote hata kama inaonekana mizima.

Kuhusu Toyota, najua wengi wanafunga na zinatembea, siwalaumu wenye kazi ya kila siku. Ila hiyo ya kwako kama bado ni ya petroli ya asili huenda ni silinda nne, 2286 cc, haina kompyuta wala sensa, kabureta na pointi za cheche unazirekebisha barabarani kwa spana na bisibisi. Mimi ningeiacha. Babu yako aliisikia ikinguruma hivyo na wewe ungeisikia hivyo hivyo.

Baba mdogo usigombane naye, ila kadi ikiwa bado ina jina la marehemu hakuna wa kuuza wala kutengeneza kwa amani mpaka ukoo umteue msimamizi wa mirathi na mahakama imthibitishe. Hilo lifanyeni kabla hujatoa hata shilingi.

Halafu nitumie picha za chini ya gari upande wa nyuma, zipigwe mchana. Na muulize bibi hendeli iko wapi, kama hajui tafuta nyuma ya siti za mbele, mara nyingi inakuwa imefungwa pale.