Minervali ya sheria inanishinda

Yaya, niko Bukavu, mwaka wa pili ya sheria, baba hana tena kazi na minervali, pesa ya kulipa iniversite, imenishinda. Nasikia burse za Ulaya, naanzia wapi?

Mdogo wangu, pole. Burse nyingi za inje zinatafuta mutu wa masta, kama Chevening ya Uingereza, inalipa mwaka 1 wa masomo, tiketi na posho, lakini inaomba uwe na diplome ya iniversite na masaa 2800 ya kazi, na iniversite ya kule inaomba Kiingereza pia, basi Kiingereza anza kujifunza sasa. Kwa leo enda ku sekretariati ya fakilte omba ulipe kwa tranche, kidogo kidogo, peleka barua, usiongee tu mu koridori. Na kama mutu wa WhatsApp anakuomba dola 50 ya dosye ya burse, ni mwizi, Chevening haiombe ata franga.