Jasho la Mkeo Umelichunguza, Lako Umeliita Uchovu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 54, mke wangu ana 48, na ndoa yetu ina miaka 23. Kwa mwaka mmoja sasa mke wangu analowa jasho usiku hadi shuka linaweza kukamuliwa. Anarusha blanketi, anafungua dirisha, anaoga usiku wa manane, kisha anakwenda kulala chumba cha watoto. Nikimgusa anasema nimwache. Amekuwa mkali na analia bila sababu. Hata siku zake sijui kama bado anazipata. Dada yangu ameniambia jasho la namna hiyo ni la ukimwi, nichunguze anakokwenda. Nimepekua mkoba wake nikakuta vidonge nisivyovijua na kadi ya kliniki. Simu yake nimeiangalia sikuona kitu, lakini pengine anafuta. Kwa hasira nimesusa chakula chake cha usiku. Nakunywa bia zangu mbili tatu, nameza vidonge vyangu vya sukari, nalala. Mimi pia huamka fulana imelowa na kichwa kinauma, ila huo ni uchovu wa mawazo. Nimlazimishe vipi akapime?

Mume Mwenye Mashaka

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, baba. Pole kwa kukosa usingizi na pole kwa kitanda kilichobaki upande mmoja.

Pole zangu zinaishia hapo, maana nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipomuuliza mkeo, "Mama, una nini?" Sijapaona. Umemuuliza dada yako, umeuliza mkoba, umeuliza simu. Mwenye mwili unaotoka jasho hujamuuliza. Ila kabla sijafika kwake nitaanza na wewe, kwa sababu maneno yako ya mwisho, uliyoyatupia kama jambo dogo, ndiyo yaliyonitisha kuliko yote.

Unatumia vidonge vya sukari. Unalala bila kula. Unashushia bia. Unaamka fulana imelowa na kichwa kinagonga. Baba, huo si uchovu wa mawazo mpaka kipimo kiseme hivyo. Vidonge vya sukari vya aina fulani, kama glibenklamidi na jamii yake, huendelea kushusha sukari hata kama tumboni hakuna kitu. Pombe nayo hulizuia ini lisitoe akiba yake ya sukari wakati mwili unapoihitaji. Vikikutana viwili hivi juu ya tumbo tupu, sukari huweza kushuka mno ukiwa usingizini. Mwili hupiga mbiu: moyo hukimbia, jasho humwagika, ndoto mbaya huja, na asubuhi mtu huamka kichwa kinauma bila kujua usiku alinusurika nini. Kuna wasionusurika. Wapo wanaopata degedege, wapo wanaozimia wasiamke.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla ya neno lolote kuhusu mkeo, kula chakula cha usiku na uache hiyo bia. Kama una mashine ya kupimia sukari, iweke karibu na kitanda. Ukiamka umelowa, pima. Ikisoma chini ya 4, au chini ya 70 kwa mashine zinazotumia vipimo vya makumi na mamia, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15, kisha ule kitu. Kama huna mashine na jasho limekuja pamoja na kutetemeka, kunywa hayo maji ya sukari bila kusubiri. Vidonge usiviache kwa uamuzi wako. Asubuhi vipeleke kwa daktari, umweleze wazi habari ya bia na ya kususa, ili aamue kama dozi au aina ya dawa ibadilishwe. Na mtu wa nyumbani ajue kwamba ukikutwa umezimia hupaswi kutiwa kitu mdomoni. Unakimbizwa hospitali.

Unaona kwa nini kumsusia mkeo chakula ni hasara yako mwenyewe?

Kuna jambo jingine ambalo hukuliandika nami nalisoma pembeni ya karatasi. Muulize mkeo kama unakoroma, na kama kuna nyakati mkoromo hukatika, kimya kikapita, halafu unashtuka ukivuta hewa kwa nguvu. Kukatika pumzi usingizini ni sababu mojawapo ya jasho la usiku na ya kuamka na kichwa kizito, na pombe huzidisha. Huenda chumba cha watoto hakukimbilia kwa ajili ya joto lake peke yake.

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Jasho la mkeo ni la dhambi, lako ni la kazi na mawazo. Hapo ndipo niliposimama upande wake, na sitatoka.

Sasa yeye. Mwanamke wa miaka 48. Joto linampanda ghafla usiku, anatupa blanketi, anataka hewa. Mkali, analia, hataki kuguswa. Mume aliyeishi naye miaka 23 hajui kama bado anapata siku zake. Baba, kila ulichokiandika kwa shutuma ndicho ambacho mkunga yeyote angekisikiliza akauliza swali moja: hedhi yake ikoje?

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na dalili huweza kuanza miaka kadhaa kabla, siku zikiwa bado zinakuja ingawa kwa kuyumba. Homoni ya estrojeni inaposhuka, ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili hukosa uvumilivu, ikawa kama kengele ya moto inayolia kwa moshi wa kibiriti. Joto likipanda kidogo tu, ambalo zamani mwili usingelijali, mishipa ya ngozi hufunguka, uso na kifua huwaka, jasho humwagika, halafu baridi humshika akiwa ndani ya nguo iliyolowa. Wimbi lenyewe huchukua dakika chache. Kuvunjika kwa usingizi ndiko kunakomaliza mtu. Aamke mara tatu kila usiku kwa mwaka mzima, halafu mchana mumwite mkali?

Na hilo la kuguswa. Kushuka kwa estrojeni hukausha uke, na tendo huweza kuuma. Mwanamke asiyeweza kulisema hilo kwa mume anayepekua mkoba wake atasema "niache" na kugeukia ukutani. Vipo vilainishi na zipo krimu za homoni za kupaka zinazosaidia sana, lakini lazima kwanza pawe na mazungumzo.

Sisemi ni lazima iwe ukomo wa hedhi. Mimi si kipimo, na barua si maabara. Jasho la usiku lina milango mingi. Kifua kikuu kimo, hasa likifuatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na kupungua mwili. Malaria imo. Maambukizi ya virusi vya ukimwi yamo pia, sitakuficha. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta jasho, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio. Baadhi ya saratani za damu na za mitoki huanza hivyo, mtu akiwa na vivimbe shingoni, kwapani au kwenye kinena, na uzito unapungua bila sababu. Wasiwasi mkubwa nao hulowesha shuka. Zipo pia dawa, hasa za kutibu sonona, na vidonge vya prednisoloni, ambazo jasho ni miongoni mwa maudhi yake. Hivyo vidonge ulivyovikuta kwenye mkoba vinaweza kuwa chanzo, vinaweza kuwa tiba, au visiwe na uhusiano wowote. Anayejua ni yeye, na kadi ya kliniki inaniambia kwamba ameshakwenda kutafuta jibu. Alikwenda peke yake. Jiulize kwa nini.

Nikuulize na hili, baba, na ujibu ukiwa peke yako. Katika milango yote hiyo, kwa nini wa ukimwi ndio uliougonga kwanza? Umeniuliza namna ya kumlazimisha yeye akapime. Wewe umepima lini? Mara nyingi mtu anayeona uzinzi katika kila shuka lililolowa ana deni moyoni mwake. Kama nimekuonea, nisamehe. Kama sijakuonea, unajua la kufanya. Vyovyote iwavyo, kipimo cha virusi vya ukimwi ni cha watu wawili wanaokwenda pamoja kwa hiari. Hakuna wa kumkokota mwenzake, na jibu lolote si kifo: anayeishi na virusi akizitumia dawa ipasavyo huishi miaka mingi, na virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Dada yako mwambie ahsante, halafu ufunge mlango. Wifi si daktari wa mkeo. Ukimpelekea siri ya kitanda leo, kesho atakuletea hukumu, na siku mtakapopatana nyinyi wawili yeye atabaki na yale uliyomwambia.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mume anajua namba ya siri ya simu ya mke, anajua alikuwa hewani saa ngapi na nani kapenda picha yake, lakini hajui mara ya mwisho alipata hedhi lini, hajui kama analala, hajui kama tendo linamuuma. Mke naye anajua mshahara wa mume unaingia tarehe ngapi, ila hajui sukari yake ilisoma ngapi wiki iliyopita. Tunalindana kama maadui na tunauguzana kama wageni. Zamani hatukuwa malaika, wala siwasifu waliovumilia vipigo wakaita ndoa. Ninachodai ni kimoja: mwili wa mwenzako uujue. Mnapozeeka pamoja, miili ndiyo itakayowaletea habari nyingi kuliko simu, na asiyezoea kuuliza habari njema hatajua kuuliza habari ngumu.

Basi fanya hivi. Mchana, mkiwa mmepumzika, mwambie mkeo kwamba ulipekua mkoba na simu. Ndiyo, useme. Uombe radhi bila "lakini". Kisha uulize, usikilize, na usimkatize hata akilia. Atakachokueleza, usikipeleke kokote.

Usiku msaidie kwa mikono. Mwekee maji ya baridi na taulo karibu, na nguo kavu ya kubadilisha asihangaike kuitafuta gizani. Tandikeni shuka za pamba, kila mmoja awe na lake la kujifunika, na mablanketi yawe mepesi mawili badala ya moja zito, ili apunguze moja bila ugomvi. Nguo za kulalia ziwe za pamba na zisibane. Dirisha likifunguliwa, wewe jifunike. Pombe, sigara, kahawa ya jioni na vyakula vya pilipili nyingi huwachochea wengine, hivyo aangalie kipi kinamsumbua yeye. Kupumua polepole wimbi linapoanza huwatuliza baadhi yao, na ni bure. Mitishamba inayouzwa kwa ahadi kubwa asiikimbilie, kwa kuwa mingi haijathibitishwa na mingine hugombana na dawa.

Kama joto linamvunjia maisha, tiba ipo, asiambiwe avumilie. Tiba ya homoni ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi, ingawa haimfai kila mtu: aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwenye mishipa kwa kawaida hutafutiwa njia nyingine. Njia hizo zipo, ikiwemo baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo, na aina moja mpya isiyo ya homoni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Mawimbi haya kwa wastani huwachukua wanawake miaka kama saba. Miaka saba ya kukamua shuka ni mingi mno kwa mtu aliye na mume ndani ya nyumba.

Mkionana na daktari, yeye apeleke orodha ya dawa zake na tarehe za hedhi, wewe upeleke vidonge vyako na vipimo vya sukari. Mseme kama kuna homa, kikohozi, vivimbe au uzito uliopungua, kwa yeyote kati yenu, na hapo msingoje wiki nyingine. Akikubali uingie naye chumba cha daktari, ingia. Daktari akimuuliza jambo, mwache ajibu mwenyewe.